Sista Rozalia, Aliyeitoa Mashine Katikati ya Maua

Tarehe 30 Juni mwaka huu Sista Rozalia Bartolomeo Tluway anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya unesi, kumi na mmoja ya mwisho akiwa nasi hapa Kliniki Tembezi ya Kinamama, Karatu. Kawaida wasifu kama huu huandikwa na katibu wetu, Bi. Edna, ambaye Kiswahili chake kimepigwa pasi. Edna yuko likizo ya uzazi. Kwa hiyo mmeangukia mikononi mwangu mimi Dennis, dereva, niliyeishia kidato cha pili baada ya kutoelewana na hesabu. Bosi ameniambia niandike kwa adabu na nisiguse mambo ya Malambo. Adabu nitajitahidi. Malambo nitaigusa.

Sista Rozalia alizaliwa Mbulumbulu, binti wa mzee Bartolomeo, mkulima wa ngano na mbaazi. Akasomea unesi, akapangiwa wodi ya wazazi, akakaa huko miaka mingi. Nusu ya vijana wanaogombania watalii pale stendi wamepokewa na mikono yake, nami nimo. Anasema nilipotoka nililia kama honi ya lori. Huwa namjibu kwamba yale yalikuwa mazoezi, na leo hakuna dereva anayenifikia katika barabara ya Malambo. Akisikia hivyo anafunga mkanda mara mbili.

Mnaomfahamu mnajua hana tabia ya upole. Hilo tusidanganyane kwa sababu tu mtu anastaafu. Kwenye gari ni dereva wa mdomo: "Kushoto, we Dennis! Shimo! Hulioni shimo?" Shimo nimeliona tangu juzi. Kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, siku moja nyati alisimama katikati ya barabara na magari ya watalii yakapanga foleni yakipiga picha. Rozalia akashusha kioo akamfokea yule nyati kwa Kiiraqw, maneno ambayo kwenye karatasi hii ya sherehe hayaandikiki. Nyati akaondoka. Watalii wakamgeuzia kamera yeye. Na kwaya ya parokia, kwa sababu hawana ubavu wa kumtoa na hawana masikio ya kumvumilia, wamempa cheo cha kutunza funguo za kabati la majoho.

Sasa niseme alichokuja kufanya kwetu, maana wageni wengine leo wataijaza sahani ya pilau bila kujua wamemfuata nani.

Kule wodini kuna kitu kimoja alishindwa kukizoea. Kinamama waliletwa kutoka vijiji vya mbali, Malambo, Samunge, Soitsambu, wakiwa wameshatokwa damu miezi na miezi, na hakuna cha kuwafanyia zaidi ya kuwatuliza maumivu. Saratani ya mlango wa kizazi. Nimesikia maelezo yake mara nyingi kupitia kioo cha gari hadi naweza kuwafundisha nyinyi: ugonjwa huu hauji kwa kasi. Unaanza na madoa tu, na madoa hayo yanakaa miaka kabla hayajawa saratani. Nesi akipaka siki, ndiyo, siki, ndugu yake ile ya kachumbari, doa linageuka jeupe na linaonekana kwa macho. Ukiliwahi unaliunguza kwa mashine ndogo ya joto, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa miguu yake.

Somo lenyewe limeishia hapo. Ndiyo maana nakasirika. Ugonjwa unakupa miaka ya kuuwahi, hautaki ndege wala hospitali ya ghorofa, na bado tunazika.

Mradi wa Mikono Pamoja ulipoanza, Rozalia alikuwa wa kwanza kuomba kuhamia. Nchi saba zilikaa meza moja zikakubaliana kupunguza saratani hii kwa kinamama wa sehemu kama zetu. Sitaki mseme Dennis anabeza kila kitu. Nchi moja ilitoa gari, na gari ni zuri, nalijua kuliko mama yangu anavyonijua. Nyingine ilitoa vifaa. Zambia ilimleta mwalimu, Sista Evelyn, nesi mwenye kicheko kinachosikika hadi Rhotia, aliyekaa hapa mwezi mzima akiwafundisha Rozalia na wenzake kutazama na kutibu. Na nchi nyingine ilitoa ile mashine ya joto, ndogo kama drili ya fundi seremala, inayotumia betri. Moja. Kwa Karatu na Ngorongoro yote, moja. Hata hivyo siku ilipofika tulishangilia. Nilisema: kumbe dunia ikiamua, inaweza.

Kwa miaka kadhaa tulikwenda kila mwezi. Kwenye geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi, Rozalia alipita akigombana: "Mimi si mtalii, mwanangu, nimekuja kuwaangalia mama zako." Wale walinzi walishazoea, wanampigia saluti ya utani. Malambo tulikuwa na mtu wetu, Tajewo, mhudumu wa afya wa pale pale, kijana wa Kimasai mwenye maneno machache na miguu mirefu. Yeye ndiye aliyekuwa anapeleka habari bomani kwamba Sista anakuja. Kinamama walikuwa wanakuja, wanacheka, wanapimwa, wanapeana zamu ya kushika watoto. Uelewa ulikuwepo, jamani. Kinamama wa Malambo walikuwa na uelewa hadi kooni.

Halafu wakubwa wakaamua uelewa hautoshi mpaka upigwe picha.

Septemba mwaka jana Rozalia alimpima mama mmoja anaitwa Naramat, akaona doa jeupe. Bado lilikuwa la kutibika papo hapo. Lakini mashine hatukuwa nayo safari ile. Mratibu wa Mradi, Bwana Valeriani, alikuwa ameiita Arusha kuikagua, na akaahidi itakuja Malambo Oktoba, kwenye Siku ya Uelewa. Rozalia akamwambia Naramat asubiri mwezi mmoja. Mumewe, Lekoko, alikuwa tayari anataka kuhama kwa sababu nyasi zilikuwa zimekwisha. Alisimama mbele ya gari langu akiwa ameegemea fimbo yake akasema: "Sista, nitawazuia ng'ombe mpaka hiyo siku yenu. Ikipita, nahama. Ng'ombe hawali matangazo." Akamtazama vizuri, kisha akaongeza: "Umeahidi wewe. Sijui huyo wa Arusha."

Rozalia akasema ndiyo, ameahidi yeye.

Ilipofika hiyo Oktoba, nawaambia, nimeona harusi za matajiri zisizo na mapambo yale. Malori mawili. Tenti moja kubwa jeupe. Spika. Maputo ya waridi, na upepo wa Malambo ukayachukua yote kabla ya saa nne, mbuzi wakabaki wanayatafuna. Fulana, mifuko kwa mifuko. Droni inanguruma juu, ng'ombe wanatoka mbio. Bango lilikuwa limetengenezwa mbali kabisa na hapa, na limeandikwa kwamba familia nzima ikae pamoja kupambana na saratani.

Tajewo alipoona viti vimepangwa chini ya tenti moja, alimfuata Rozalia. Akamwambia taratibu, "Mama, hapa watakaa watu na wakwe zao? Hii haiwezekani." Kwa Wamasai, mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja na hawatazamani usoni. Ni heshima, wenyewe wanaiita enkanyit, na hakuna anayeifanyia mzaha. Wakati huo Rozalia alikuwa anapekua lori la pili akitafuta sanduku la mashine. Akamjibu bila kugeuka, "Tutaona, Tajewo, tutaona." Hilo ni kosa lake, na huwa analitaja mwenyewe kabla hujamtajia. Angegeuka tu.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini, miwani ya jua, suruali ya kubana. Alishika kipaza sauti akapayuka: "Sasa tunataka familia ya mfano! Wapi mhudumu wetu Tajewo? Tajewo, nimeambiwa mama mkwe wako yupo hapa, Naramat! Njooni mbele mkae pamoja, mkumbatiane, dunia iwaone!"

Naramat ni mama mkwe wake, ndiyo. Tajewo amemuoa binti yake wa kwanza.

Sijawahi kuona mtu anakimbia vile, na mimi nimekulia stendi. Tajewo alijifunika shuka kichwani akatoka kwenye tenti kama mshale, akaruka kamba, akapotea kwenye korongo. Naramat alijifunika uso kwa nguo yake akainuka. Wazee wakainuka. Kinamama wakainuka wote, na watoto wao, na waliokuja kupimwa na waliokuja kutibiwa. Lekoko ndiye wa mwisho kutoka. Hakufoka. Alichukua fimbo yake, akatema mate pembeni, akaenda zake. Ndani ya muda wa kuimba wimbo mmoja tenti lilibaki na sisi na viti.

Mnadhani walifunga? Thubutu. Droni ilikuwa bado angani. Bwana Valeriani akasema picha lazima zipatikane, wafanyakazi wote tuvae fulana tukae. Ndivyo mimi, Dennis Filbert, mwanaume mwenye ndevu zinazoanza, nilivyokaa mstari wa mbele na fulana iliyoandikwa kifuani: NIMEPIMA MLANGO WA KIZAZI, WEWE JE? Picha hiyo iko kwenye kalenda ya Mradi, mwezi wa Machi. Shangazi yangu ameitundika sebuleni. Kila mgeni akija anamuuliza majibu yalitokaje.

Ukimaliza kucheka, soma na hii.

Mashine haikuwepo. Rozalia alipekua malori yote mawili. Alimkuta Bwana Valeriani kivulini akinywa soda, akamuuliza iko wapi. Akajibiwa, "Mama, iko Karatu. Wageni wa nchi wahisani wamefikia pale loji, wanataka kuiona kabla hawajashuka kreta."

"Wanataka kuiona?" Rozalia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na tunaomfahamu tunajua ikishuka hivyo uanze kurudi nyuma. "Waje waione hapa, ikifanya kazi."

"Kuna itifaki, mama."

"Valeriani, nimemwahidi mtu."

"Tutampangia safari ijayo. Uelewa kwanza."

Sista Rozalia alimgeuzia mgongo. Alikuja kwenye gari, akapanda, akafunga mlango kwa nguvu ambazo watengenezaji hawakuzitegemea. "Washa," akasema.

Kesho yake mchana tulikuwa Karatu, kwenye loji, moja ya zile zenye nyasi zinazomwagiliwa kuliko mashamba yetu. Ukumbini walikuwa wanakula. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, vibendera saba, vyombo viwili vya maua, na katikati ya maua hayo, mashine yetu, imefutwa vumbi, taa imeielekea kama bibi harusi. Rozalia aliingia na viatu vyake vya Malambo, vumbi likiandika njia kwenye zulia. Alisalimia meza zote, ana malezi. Akavua khanga aliyojitanda mabegani, akaitandika, akaiweka mashine, akaweka na chaja yake, akafunga fundo.

Mhudumu wa ukumbi akamkimbilia: "Mama, hiyo ni ya maonyesho!"

"Mwanangu, nimeona," akamwambia. "Sasa inakwenda kazini."

Bwana Valeriani alikuwa ameshafika na yeye, kwa gari jingine. Alisimama mlangoni amepanua mikono kama kipa. Sijui ingekuwaje. Nilikuwa nimeegesha mbele ya mlango, naona yote, gia nimeshaweka. Lakini kwenye meza ya wageni aliinuka mwanamke mmoja na kitambaa cha mezani bado kiko shingoni, akacheka kile kicheko chake. Sista Evelyn wa Zambia. Alikuwa amekuja na wageni, na hakuna aliyetuambia. Alimuuliza Rozalia jambo kwa Kiingereza; Rozalia, ambaye Kiingereza chake kinatembea na magongo, akamjibu kwa maneno mawili: doa, na jina la Naramat. Doa alilisema kwa Kiswahili. Evelyn akamwelewa. Akachukua kipande cha kuku mkononi, akampita Valeriani chini ya mkono, akapanda gari langu.

Huo ndio ushirikiano wa kimataifa niliouona mimi kwa macho yangu. Nesi wa Zambia na nesi wa Mbulumbulu kwenye kiti cha nyuma, wanagawana kuku, mashine iko mapajani.

Tulipofika Malambo boma la Lekoko lilikuwa tupu. Miiba ya lango imesogezwa, majivu yamepoa. Rozalia alishuka akasimama katikati ya lile zizi. Nilimwacha. Baada ya muda alirudi akasema, "Mtafute Tajewo," na nikamkuta nyumbani kwake hataki kutoka kwa aibu. Nilimwambia kaka, aibu yako imekaa kwenye mbio tu, yangu iko kwenye kalenda. Akacheka kidogo, akapanda.

Alifuata kwato za ng'ombe kama mimi ninavyofuata lami. Tuliwakuta njia ya kwenda Soitsambu, wamesimama kwenye maji. Tajewo alipomwona Naramat kwa mbali aliruka kutoka garini likiwa bado linatembea, akajificha nyuma ya boneti, shuka kichwani, na hapo akabaki mpaka mwisho akipiga kelele za kuelekeza mtoto mdogo wa pale: mwambie bibi, Sista amekuja na kile kitu, mwambie bibi, mimi sipo. Nilikaa naye nyuma ya boneti, maana na mimi hayakuwa yananihusu. Kimasai cha Rozalia ni cha kliniki tu: lala, pumua, tumemaliza. Kilitosha. Naramat alitazama lile fundo la khanga likifunguliwa akasema maneno ambayo yule mtoto alituletea mbio: "Bibi anasema alifikiri hiyo mashine ni ya kwenye hadithi."

Walimtibu ndani ya gari, kwenye kitanda chetu cha kukunja, Evelyn ameshika taa. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuchemsha chai. Naramat alishuka, akafunga vizuri nguo zake, akaenda kuwasogeza ndama.

Lekoko alikuja kwa Rozalia. Mimi nilitegemea shukrani, labda na mbuzi, maana tulikuwa na njaa. Alisema: "Mngekuja nayo siku ile mliyompima, ningekuwa Soitsambu tangu mwezi uliopita. Ng'ombe wangu wawili wamekufa njiani kwa kuwasubiri nyinyi." Rozalia akasema ni kweli. Hakujitetea, hakumtaja Valeriani. Akasema tu ni kweli, na samahani. Ndani ya gari, kuvuka lile korongo la kwanza, ndipo alipolia, kwa hasira, akipiga dashibodi yangu. Evelyn hakucheka. Siku hiyo nilimwachia dashibodi aipige.

Rozalia aliitwa Arusha kujieleza kwa nini alichukua mali ya Mradi. Akawaambia anashukuru kusikia ni mali ya Mradi, alifikiri ni mali ya maua. Hawakumfukuza, walihesabu kwamba anakaribia kustaafu na kelele zake wanazijua. Walichofanya ni kibaya zaidi. Safari za kila mwezi zikawa za kila miezi mitatu. Mashine ikapewa kabati lenye kioo, ofisini, karibu na picha za wageni. Sisi tunapita tunaitazama kama duka la dhahabu.

Safari ya mwisho ya Rozalia, mwezi uliopita, alipima kinamama wa Malambo kwa mahema mawili yaliyotengana, kama Tajewo alivyotaka tangu mwanzo, na akakuta wengine wenye madoa. Wanasubiri. Yeye hayupo tena kuwapigania, na hilo ndilo limemkosesha usingizi, si mafao wala shamba. Juzi alinikamata mkono pale gereji, mikono yake ina nguvu bado, akasema: "Dennis, ole wako ukae kwenye sherehe yangu kula keki."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote: asante, Sista Rozalia, kwa kinamama uliowawahi, na kwa kuwakasirikia watu waliostahili. Asante kwa kutuonyesha kwamba dunia inaweza kushikana mikono hadi Karatu, lakini toka Karatu kwenda mbele lazima mtu apande gari.

Jana bosi aliagiza mashine itolewe kabatini, iwekwe leo kwenye meza ya mbele, kati ya maua na keki, iwe kumbukumbu ya kazi ya mama yetu. Ndugu wageni, tazameni meza. Keki ipo. Maua yapo. Judith, nesi wetu mpya, ameketi kiti cha mbele kwenye gari na mashine ipo mapajani mwake. Mkifika mstari huu, tumeshavuka geti la Lodoare, na kule Malambo Tajewo ameshatandika mahema mawili.

Mama, pumzika Mbulumbulu mpaka jua likuamshe lenyewe. Maisha yako yawe marefu na matamu, na mbaazi zikubali. Ukisikia honi, ni sisi tumerudi.

Dennis Filbert, dereva